UFA KATIKA NGOME YA MWILI

Tarehe 5 Juni 1981 ilitolewa taarifa fupi nchini Marekani kuhusu wanaume watano wa Los Angeles walioshikwa na homa ya mapafu ambayo si kawaida kumpata mtu mwenye afya. Ni wachache waliotambua wakati ule kwamba habari hiyo ingefika hadi Magarama, mtaa wa mji wa Gitega, na hadi Muyinga. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, mkoa unaopakana na Burundi. Kabla ya mwongo huo kwisha, madaktari wa Bujumbura walikuwa wamekwisha kuona kwamba wengi wa wagonjwa wao wa kifua kikuu walikuwa na virusi vya UKIMWI.

Hicho ndicho kiini cha jambo lenyewe. UKIMWI hubomoa ngome, kisha huwafungulia mlango maadui wengine: kifua kikuu, homa ya mapafu, na kuvu wa kriptokoka ashambuliaye utando wa ubongo. Hao ndio wauaji.

Mwezi Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na Burundi ikaingia vitani. Mwaka huo huo Jeanne Gapiya-Niyonzima, Mrundi wa kwanza kutangaza hadharani kwamba anaishi na virusi hivyo, alianzisha chama cha ANSS ili kuwasaidia wagonjwa. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa bado hazijapatikana kwa wananchi wa kawaida.

Mwaka 1999 habari njema ilitoka Abidjan. Wagonjwa wa kifua kikuu wenye virusi walipewa kila siku kotrimoksazoli, dawa ya bei nafuu ambayo wengi huiita septrini, na vifo vikapungua kwa asilimia 46. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri dawa hiyo itumike Afrika.

Baadaye dawa za kupunguza makali zilienea, na baadhi ya watu wakadhani kazi imekwisha. Haikwisha. Mgonjwa anayechelewa kufika huanza dawa hizo akiwa na kinga iliyokwisha kuanguka, na kinga hairudi kwa siku moja. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na Lusaka, uliotangazwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kumpima mgonjwa wa namna hiyo kuvu wa kriptokoka mapema, na kumfuata nyumbani katika majuma ya mwanzo, kulipunguza vifo kwa asilimia 28.

Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na zahanati nyingi za Afrika zikatikisika. Wafadhili huja na kuondoka, ugonjwa haungoji. Serikali zina wajibu wa kuhakikisha kwamba kidonge cha bei nafuu na kipimo cha mapema havikosekani katika zahanati ya mtaani. Wananchi nao wana wajibu wa kupima mapema na kuacha kumnyanyapaa mgonjwa, kwani aonaye haya kufika zahanati hufika akiwa amechelewa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.