Mpika Pombe na Dola: Historia ya Kilabu Ifakara

Kuna tofauti moja ya maneno inayonisumbua katika lugha yetu ya kiserikali. Kinywaji kinachotoka kiwandani kikiwa ndani ya chupa tunakiita bia. Kinachotoka katika pipa la mama wa Kibaoni, Ifakara, kwa nafaka na kwa kanuni ileile ya kuotesha kimea, kupika na kuchachusha, tunakiita pombe ya kienyeji. Tofauti ya majina hayo haikuletwa na ladha wala na kiasi cha kilevi. Ililetwa na sheria, na sheria hiyo ina historia ambayo wanafunzi wangu wengi hawajaisoma, ingawa baadhi yao wamesomeshwa kwa fedha za pipa hilo.

Siku hizi Dar es Salaam na Nairobi wapo watu wanaofungua viwanda vidogo vya bia, ambamo mteja hukaa mezani akiyatazama matangi yanayochachusha kile atakachokunywa, na mwenye mahali humweleza ametumia kimea gani na kwa nini. Jambo hili linasifiwa kama ugunduzi uliotoka Ulaya na Marekani. Sina ugomvi nalo. Lakini bonde la Kilombero limeishi na utaratibu huo kwa vizazi, tena bila tangazo lolote, na naomba msomaji aniruhusu niueleze kwa kirefu kidogo kabla sijaingia katika siasa zake.

Miongoni mwa Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena wa bondeni, pombe haikuanza kama bidhaa. Ilikuwa malipo ya kazi ambayo familia moja haikuiweza peke yake: kufyeka, kulima, kuvuna, kujenga nyumba. Mwenye shamba alitangaza siku, mke wake akapika, na majirani wakaja na majembe yao. Ilimwagwa katika tambiko kwa wazee waliotangulia. Ilibebwa katika kuposa na ilihitimisha matanga. Katika mambo yote hayo mwanamume alikuwa na neno lake la kusema hadharani, lakini hakuwa na la kusema mpaka mwanamke awe amepika. A. T. na G. M. Culwick, waliochapisha mwaka 1935 kitabu chao kuhusu Wabena wa bonde hili, kikiwa na sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe, waliikuta jamii ambayo mamlaka ya mtawala na ukarimu wake vilikuwa ni kitu kimoja. Mtawala asiyewanywesha watu hakuwa na watu.

Upishi wenyewe ni elimu. Chukua komoni, inayonywewa sana Ifakara. Ulezi hulowekwa, hufunikwa hadi uchipue, kisha huanikwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Unga wa mahindi hulowekwa siku kadhaa hadi uwe mchachu, halafu hukaangwa juu ya bati pana mpaka uwe na rangi ya kahawia na harufu ya mkate ulioungua kidogo. Ndipo hutiwa maji, hukorogwa, hutiwa kimea, na kuachwa uchemke wenyewe bila moto. Kangara hufuata njia inayokaribiana na hiyo, ila huongezwa asali au sukari. Joto la siku, umri wa kimea, usafi wa pipa, vyote hubadilisha matokeo, na anayejua kuvisoma hivyo bila kipimajoto hatofautiani na fundi wa kiwanda isipokuwa kwa cheti.

Mwaka jana, baada ya mavuno ya mpunga, nilifika katika kilabu kimoja pale mjini nikiwa na mwenyeji wangu. Paa la bati, nguzo za miti, mabenchi yaliyong'arishwa na miaka ya kukaliwa, na mapipa manne ya plastiki yaliyofunikwa kwa vitambaa. Mama mwenye zamu alikuwa mtu mzima; nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuuliza natoka wapi. Alichota kwa kata, akatia kikomboni, akanywa yeye kwanza funda moja mbele ya macho yangu, ndipo akanipa. Nilipouliza bei alisema, "Onja kwanza, mwalimu. Bei haitakimbia." Ilikuwa nzito, chachu, na chini yake kulikuwa na utamu wa mbali wa ulezi.

Sikukaa peke yangu hata dakika tano. Mzee aliyestaafu kazi ya reli alisogea kwenye benchi ili nipate nafasi. Fundi baiskeli akaagiza kopo la lita na kulizungusha, nami zamu yangu ilipofika nikaagiza jingine. Hakuna aliyeniuliza kabila wala chama. Waliniuliza kama ni kweli kwamba bei ya mbolea itapanda. Nimehudhuria makongamano mengi ya ushirikishwaji wa wananchi, yenye posho na chupa za maji mezani, ambayo hayakufikia nusu ya mjadala ule.

Lakini kilichonivutia zaidi ni hesabu. Wanawake wa kilabu kile hupika kwa zamu. Kila mmoja ana siku yake, na siku hiyo wengine hawauzi, hata kama wanayo ya kuuza. Gunia la mahindi huchukuliwa kwa mkopo na hulipwa baada ya pipa kuisha. Machicha huenda kwa nguruwe. Mwenye jengo, ambaye ni mwanamume, hupata kiasi chake kwa kila pipa, na ushuru una wake. Kinachobaki ni cha mpishi. Nilimwuliza mama yule kinabaki kiasi gani. Akacheka, akasema, "Kinabaki cha kuanzia tena."

Sasa tuingie katika sheria. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika na Umoja wa Mataifa wa wakati ule, kifungu cha 5 cha hati ya udhamini kiliwataka wadhibiti vikali uuzaji wa silaha na wa vileo vikali. Hivyo viwili viliwekwa pamoja katika kifungu kimoja, na hilo linatosha kutuonyesha jinsi Mwafrika mwenye glasi alivyoonekana. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ulikuwa umekwisha kuweka msingi huo kwa sehemu kubwa ya Afrika. Likajengwa daraja la vinywaji lililofuata rangi ya ngozi: vileo vikali kwa Mzungu, bia ya chupa kwa masharti, na pombe ya nafaka kwa "wenyeji", ambayo nayo ilihitaji kibali. Kuanzia mwaka 1926, chini ya mfumo wa utawala wa wenyeji wa Gavana Cameron, ada za vibali hivyo zikawa sehemu ya mapato ya hazina za machifu. Serikali iliyolalamika kwamba nafaka inapotea katika vyungu ndiyo hiyohiyo iliyotegemea vyungu hivyo kuwalipa makarani wake.

Huu haukuwa uvumbuzi wa Tanganyika. Mji wa Durban, Afrika Kusini, kwa kutumia sheria ya Natal ya mwaka 1908, ulijitwalia haki ya kuwa mpikaji na muuzaji pekee wa pombe kwa Waafrika, na kwa faida yake ukalipia utawala wa Waafrika haohao. Nairobi iliiga mfumo huo mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa kufungua ukumbi wa pombe wa manispaa huko Pumwani. Ili ukumbi wa serikali upate wateja, ilibidi mama anayepika nyumbani ageuzwe mhalifu. Wanawake wa Cato Manor, Durban, waliielewa hesabu hiyo vizuri. Mwezi Juni 1959 walizivamia kumbi za pombe za manispaa kwa fimbo. Wengi wetu tunafundisha mwaka huo wa Afrika Kusini bila kuwataja.

Kwetu, wapika pombe walichukua njia nyingine. Susan Geiger, katika utafiti wake juu ya wanawake wa TANU na Bibi Titi Mohamed, ameonyesha kwamba waliokipokea chama mapema mijini walikuwa wanawake wenye kipato chao wenyewe, waoka maandazi na wapika pombe wakiwamo, waliokuwa na mitandao ya ngoma na ya kusaidiana. Walikuwa na fedha mkononi, walijua kukusanyana, na walikuwa na sababu zao za kutompenda askari. Chama cha ukombozi kilipokea ada zao. Ni haki kuuliza walipokea nini baadaye.

Walipokea sheria mpya zenye roho ya zamani. Mwaka 1966 Bunge lilipitisha Sheria ya Moshi, moshi likiwa jina la kisheria la gongo, na kuunyonga unereshaji wa nyumbani. Mwaka uliotangulia Uganda ilikuwa imepitisha Sheria ya Enguli, iliyotaka mnereshaji mdogo awe na leseni na auze enguli yake kwa kiwanda, ambako ilisafishwa na kuwa Uganda Waragi. Sisi, miaka ya 1970, tukapata Konyagi. Kiwanda cha bia kilitaifishwa mwaka 1967, na mwaka 1968 ikaja Sheria ya Vileo, iliyoendelea kuitenga pombe ya kienyeji katika leseni yake ya peke yake. Mwaka 1993 bia ilirudishwa kwa mtaji wa nje, safari hii wa Afrika Kusini. Katika mizunguko yote hiyo, ya taifa na ya soko, chupa ilihesabiwa kuwa uchumi na pipa likahesabiwa kuwa tatizo la maadili.

Wakati huohuo bonde lilikuwa linabadilika. Kiwanda cha sukari cha Kilombero, tangu mwanzo wa miaka ya 1960, kilileta Kidatu watu wenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Kati ya mwaka 1970 na 1975 ilijengwa reli ya TAZARA, ikapita Mang'ula, Ifakara hadi Mlimba, na vibarua wake walihitaji kula na kunywa mahali. Pombe ikatoka katika malipo ya kazi ikawa kitu cha kununuliwa na malipo ya kazi. Maia Green, aliyefanya utafiti wa muda mrefu Ulanga, aliandika mwaka 1999 katika jarida la Africa makala juu ya biashara hii hasa, na kichwa chake kinaiona imesimama juu ya ukosefu wa usawa. Nadhani yuko sahihi. Fedha za mpunga huingia kwa mkono wa mwanamume. Njia ya mwanamke kuzifikia ni kumwuzia kitu anachokitaka. Na kwa kuwa mtaji wa kuanzia ni mdogo, kila mwenye shida huingia, na bei haipandi.

Nisieleweke kwamba navipamba vilabu. Wapo watoto waliolala njaa kwa sababu baba aliacha fedha kwenye benchi lile, na yapo mapigo ambayo wake zao wanayajua kuliko mtafiti yeyote. Anayepika na anayepigwa mara nyingi ni mtu mmoja. Lakini hoja ya afya, ikiwa ni ya kweli, haina budi kupimwa kwa kilevi, si kwa darasa la mnywaji. Pombe kali za viroba, zilizotoka viwandani zikiwa na leseni zote na kuuzwa kwa bei ya peremende, zilienea hadi vijijini kwa miaka kadhaa kabla ya kupigwa marufuku Machi 2017. Komoni hainyweki kwa kuficha mfukoni wakati wa kipindi cha hisabati.

Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo, ilifuta sheria ya mwaka 1980 iliyoharamisha chang'aa na kujaribu kuiingiza katika utaratibu wa viwango. Matokeo yake hayakuwa mazuri yote, kwani masharti ya chupa na lebo yalimfaa mwenye mtaji kuliko mama wa mtaani. Kwa hiyo sipendekezi tunakili. Napendekeza kitu kidogo zaidi, na nawaandikia watumishi wa halmashauri moja kwa moja: leseni itolewe kwa jina la mpishi, si la mwenye jengo peke yake, sehemu ya ushuru wa kilabu irudi kilabuni kama maji safi na choo, na afisa afya aende kukagua akiwa na kipimo mkononi, asiende na mgambo.

Mwenyeji wangu alinieleza kwamba wanawake wa kilabu kimoja cha huko bondeni waliwahi kuomba mkopo wa asilimia kumi unaotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Waliposema shughuli yao ni kupika pombe, waliambiwa fomu haina nafasi ya shughuli hiyo. Walirudi nyumbani wakajadiliana, wakajisajili upya kama kikundi cha ufugaji wa nguruwe. Hawakudanganya sana. Nguruwe wapo kweli, na wanakula machicha.