Makunduchi na Shairi la Asili Yetu

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuzungumza juu ya asili, na jinsi mtu awezavyo kuitungia shairi la kweli. Tuanzie Makunduchi, kusini ya kisiwa cha Unguja.

Kila mwezi wa Julai watu wa huko hufanya sherehe ya Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa mashina ya migomba ili chuki za mwaka uliokwisha zitoke. Kibanda cha makuti hutiwa moto. Na wanawake, wamevaa nguo zao nzuri, huimba. Siku hiyo ni Nairuzi, jina la Kiajemi, maana yake siku mpya. Lakini wenyeji wana Kimakunduchi chao, nacho ni Kiswahili cha kale, tawi la lugha za Kibantu.

Jirani, Kizimkazi Dimbani, umo msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Kaskazi ilileta majahazi, kusi ikayarudisha. Wako wageni waliobaki, wakaoa, wakazaa.

Basi wengi wa kusini hujiita Washirazi, wakitaja babu waliotoka Uajemi. Wataalamu wengine walizicheka hadithi hizo. Lakini mwaka 2023 ulitangazwa uchunguzi wa mabaki ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani ya Kenya na Tanzania. Hayakuwa ya Unguja, lakini ni ya pwani hii hii. Ikaonekana kwamba wanaume wa Asia, hasa Waajemi, walichanganya damu na wenyeji tangu kiasi cha mwaka 1000. Na kwa wengi, zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka Afrika, hasa kwa akina mama. Wazee wetu, basi, hawakusema uwongo, walisema nusu.

Nusu hiyo ina hatari. Zamani za ukoloni watu waliandikwa kwa makabila, kila mtu na jina moja. Ugomvi wa nani mwenyeji na nani mgeni ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyomwaga damu Unguja mwaka 1961, na tena 1964.

Mtungaji ana njia nyingine. Mshororo wa shairi una mizani 16: ukwapi 8 na utao 8. Ukikata upande mmoja, hapana shairi. Silsila zetu huhesabu baba. Mama aliyempokea mgeni na kumfundisha mtoto maneno, jina lake halimo. Nasi twatunga kwa maneno yake yeye.

Kwa hiyo, enyi wanafunzi, kabla hamjashika kalamu, mwendeeni bibi. Mwulizeni jina la mama yake, na la mama wa mama yake. Andikeni majina hayo kwanza; vina vitafuata.