Kabureta ya Landrova

Kabureta hii ya Zenith ilifungwa kwenye Land Rover Series III, gari lililoundwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Injini yake ya kawaida ya petroli ilikuwa na silinda 4 na ujazo wa sentimita za mchemraba 2,286. Kabureta huchanganya petroli na hewa: kwa uzito, sehemu 1 ya petroli kwa karibu 14.7 za hewa.

Tazama skrubu ndogo ubavuni, inayorekebisha mchanganyiko huo. Injini ikiwa imezimwa, fundi huikaza polepole mpaka iguse (akilazimisha, ncha huumia na kabureta haisetiki tena), kisha huilegeza mzunguko mmoja na nusu. Huwasha, huacha injini ipate moto, halafu huizungusha skrubu kidogo kidogo huku ameinamisha kichwa, akisikiliza mpaka mngurumo wa sailensi (injini ikiwaka gari likiwa limesimama) utulie bila kukohoa. Ufundi huu wa sikio na bisibisi unastahili heshima kubwa.

Baada ya mwendo, hufungua plagi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mchanganyiko umekaa sawa. Masizi meusi, petroli imezidi. Nyeupe, hewa imezidi na injini inaweza kuchemka.

Kwenye vumbi la mitaa ya ndani ya Chamazi, chujio la hewa husafishwa kwanza. Likiziba, injini hukosa pumzi, moshi mweusi hutoka nyuma, na fundi atazungusha skrubu mpaka magharibi bila kupata nafuu.