Nani anatunza pampu ya kijiji? (Sehemu ya 3)

Leo tuongee historia ya watu ambao huwa hatuwashukuru: wale wanaojitolea kutunza pampu ya maji.

Mwaka 1971 serikali ya TANU iliahidi kwamba ndani ya miaka 20 kila mwananchi wa kijijini atapata maji safi karibu na kwake, tena bure. Nia ilikuwa nzuri kabisa. Ila pampu ikiharibika, kijiji kilikaa kumsubiri fundi wa serikali, na hela ya vipuri haikutosha. Miradi mingi ikafa.

Mwaka 1985 ukaanza mradi wa HESAWA, kwa msaada wa Sweden, huko Kagera, Mwanza na huku kwetu Mara. Safari hii wanakijiji walichagua kamati zao za maji, na wengine wakafundishwa kuhudumia pampu. Sera ya maji ya 1991 nayo ikataka wananchi wachangie. Leo, chini ya RUWASA iliyoanza 2019, kazi hiyo inafanywa na jumuiya za watumia maji.

Jamani, mtu anaweza kujitolea nguvu zake, lakini kipuri kinanunuliwa kwa hela. Mfuko ukiwa mtupu atachoka, pampu italala, tutarudi mtoni na madumu, na watoto wataanza kuhara.

Kwa hiyo mkutano wa maji ukiitwa, nenda. Toa mchango wako, uliza mfuko una shilingi ngapi. Na yule anayefungua pampu juani, mwambie asante.

Sehemu ya 4: kutunza maji salama nyumbani.