Abiria au Mgeni? Historia ya Ahadi na Masharti katika Safari za Kitalii za Baharini

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi abiria wa meli alivyopata kuwa na matarajio kwa kampuni inayomsafirisha, na jinsi kampuni zilivyozoea kuyajibu matarajio hayo kwa lugha mbili: lugha ya tangazo na lugha ya tiketi. Jambo hili laweza kuonekana kuwa la watu wenye fedha za kustarehe tu. Sivyo. Meli za kitalii hutia nanga Mombasa na Zanzibar, na karatasi zake hupita mikononi mwa makarani, mawakala na wafasiri wetu. Zaidi ya hayo, mkataba ulioandikwa na upande mmoja na kukubaliwa na upande wa pili bila kusomwa ndio huo huo tunaoukuta katika tiketi ya ndege, hati ya bima na fomu ya benki. Hoja yetu ni moja: haki za abiria zilipata nguvu pale ahadi ilipogeuzwa kuwa sharti lililoandikwa. Kwa hiyo mfasiri anayechanganya ahadi na sharti, au hisani na haki, humpotezea msomaji wake kitu halisi.

Meli ya barua

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Nahodha na bandari ni maneno yaliyotujia kutoka Kiajemi. Abiria na nauli yalipitia Kiarabu. Lakini meli ni neno la Kiingereza lililokuwa na maana ya barua na vifurushi vya posta. Lilipoingia pwani yetu lilitaja ile merikebu ya moshi iliyoleta barua, na baadaye likaenea kwa kila chombo kikubwa cha injini. Mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza kuleta posta Zanzibar kwa mkataba na serikali ya Uingereza. Hivyo neno letu limehifadhi ukweli wa historia: mteja wa kwanza wa meli hizo alikuwa barua, si mtu.

Ndivyo ilivyokuwa hata katika bahari ya Atlantiki. Samuel Cunard alipata mkataba wa kubeba posta ya Uingereza, na meli yake Britannia iliondoka Liverpool kwa mara ya kwanza Julai 1840. Serikali ililipia barua zifike kwa wakati. Abiria alipewa nafasi iliyobaki. Januari 1842 mwandishi Charles Dickens alisafiri katika meli hiyo, na katika kitabu alichokitoa mwaka huo huo, American Notes, alieleza kwa dhihaka jinsi chumba alichopewa kilivyokuwa kidogo mno kikilinganishwa na mchoro wa kupendeza uliotundikwa katika ofisi ya wakala mjini London. Hapa twaona mapema kabisa umbo la malalamiko ambayo hayajaisha hadi leo: abiria hulinganisha alichokipata na picha aliyoonyeshwa, ilhali kampuni hukilinganisha na maneno ya mkataba.

Wahamaji na sheria

Dickens alikuwa na kalamu. Wahamaji maskini waliosafirishwa katika sitaha za chini hawakuwa nayo, na hao waliokolewa na sheria kabla ya kuokolewa na matangazo. Mwaka 1803 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoweka kiwango cha abiria kulingana na tani za chombo, pamoja na chakula na maji watakayopewa. Marekani ilifuata mwaka 1819, ikaamuru kwamba merikebu isichukue abiria zaidi ya wawili kwa kila tani tano. Sheria hizo zilivunjwa mara nyingi, na wengi walikufa njiani. Hata hivyo zilileta jambo jipya katika lugha. Chakula cha abiria hakikuwa tena wema wa nahodha. Kilikuwa kipimo kilichoandikwa, ambacho mtu aliweza kukidai.

Safari isiyo na haja

Safari ya kitalii ya baharini ni ile ambayo msafiri hana haja ya kufika mahali. Haja yake ni safari yenyewe. Mfano wa mapema ni ule wa meli Quaker City, iliyoondoka New York Juni 1867 kuelekea bahari ya Mediterania na Nchi Takatifu. Nauli ilikuwa dola 1,250. Tangazo la safari hiyo liliahidi maktaba, ala za muziki na daktari, na ikavumishwa kwamba mhubiri mashuhuri Henry Ward Beecher na Jenerali Sherman wangekuwamo. Wote wawili hawakwenda. Mark Twain, aliyekuwamo, aliicheka safari hiyo katika kitabu chake The Innocents Abroad cha mwaka 1869.

Mwaka 1891 Albert Ballin, wa kampuni ya Kijerumani ya Hamburg-Amerika, alikuwa na shida ya kibiashara: wakati wa baridi abiria wa Atlantiki walipungua na meli zikakaa bure. Mwezi Januari mwaka huo akaipeleka Augusta Victoria katika Mediterania ikiwa na wasafiri 241. Wenzake walimwona mpumbavu, lakini safari ikafaulu, na miaka michache baadaye kampuni ikajenga Prinzessin Victoria Luise, chombo kilichokusudiwa starehe tangu mwanzo. Kuanzia hapo kampuni haikuuza tena umbali peke yake. Iliuza chakula, muziki, mandhari na adabu ya watumishi, yaani mambo ambayo hayapimiki kwa maili wala kwa tani, na ambayo kwa hiyo ni vigumu kuyadai.

Kuzama kwa Titanic mwaka 1912 kulionyesha hatari ya kupima mambo vibaya. Meli hiyo ilikuwa na watu wapatao 2,200, na mashua za kuokolea zilikuwa na nafasi 1,178. Hata hivyo haikuvunja sheria, kwa kuwa sheria ya Uingereza ilihesabu mashua kwa ukubwa wa chombo, si kwa idadi ya watu. Januari 1914 mataifa yalitia sahihi mjini London mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini. Kwa mara nyingine, jambo ambalo abiria alilidhania tu liligeuzwa kuwa sharti baada ya msiba.

Abiria anapoitwa mgeni

Mwaka 1958 ndege za jeti zilianza kuvuka Atlantiki na abiria, na katika miaka michache meli zilipoteza sababu yake ya zamani. Kampuni zilizosalia zilitafuta kazi katika starehe. Mwaka 1966 meli Sunward ilianza safari za kitalii kutoka Miami, na mwaka 1972 Ted Arison alianzisha kampuni ya Carnival. Safari fupi za bei nafuu ziliwavuta watu wa kipato cha kati, ambao hapo awali wasingeota kupanda meli ya namna hiyo.

Pamoja na biashara hii lilienea neno jingine. Katika matangazo, na hata katika mikataba ya baadhi ya kampuni, abiria aliitwa mgeni. Sisi Waswahili twapaswa kulitazama neno hili kwa makini, kwa maana kwetu mgeni ana mahali pake panapojulikana. Mgeni hupokewa, hukirimiwa, hupewa kilicho bora. Lakini mgeni halipi, na kwa kuwa halipi, hadai. Akiletewa ugali hawezi kuuliza kwa nini si wali. Tena wahenga wameweka mpaka: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Abiria ni mtu mwingine. Yeye ametoa nauli, na nauli hiyo imemfungia mwenye chombo wajibu. Anayemwita abiria mgeni humpa heshima kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto huenda akamnyang'anya hadhi ya mdai.

Shauri lililoamuliwa na Mahakama Kuu kabisa ya Marekani mwaka 1991 laonyesha jambo hilo waziwazi. Mke na mume wa jimbo la Washington walinunua tiketi za Carnival kwa wakala karibu na kwao. Meli ilipokuwa katika bahari ya Meksiko, mke aliteleza akaumia. Waliposhtaki katika jimbo lao, kampuni iliwaonyesha sharti lililochapwa katika tiketi: mashauri yote yatasikilizwa Florida, upande wa pili wa nchi. Majaji wengi waliliunga mkono sharti hilo, wakisema miongoni mwa mengine kwamba hupunguza gharama za kampuni na kwa hiyo nauli. Jaji Stevens alipinga. Aliambatisha nakala ya tiketi yenyewe kwenye hukumu yake ili kila mtu aone jinsi sharti hilo, la 8 kati ya vifungu 25, lilivyofichika katika maandishi madogo. Abiria aliyedhani ni mgeni alijikuta mhusika wa mkataba asiousoma.

Februari 2013 moto ulizuka katika chumba cha injini cha meli Carnival Triumph, katika Ghuba ya Meksiko. Watu zaidi ya 4,200 walikaa siku kadhaa bila umeme wa kutosha wala vyoo vya kufaa hadi meli ilipokokotwa na kufikishwa Mobile, Alabama. Mwezi Mei mwaka huo chama cha kimataifa cha kampuni za meli za kitalii kilitangaza orodha ya haki 10 za abiria. Miongoni mwake ni kurudishiwa nauli yote safari ikivunjwa kwa sababu ya hitilafu ya mitambo, kurudishiwa sehemu yake ikikatizwa, kupewa habari kwa wakati, kuwapo kwa daktari, na kuruhusiwa kushuka bandarini ikiwa meli haiwezi tena kutoa mahitaji ya lazima. Wasomaji wataona kwamba katika orodha hiyo neno lililorudi ni abiria, si mgeni. Siku ya shida ndiyo siku inayochagua neno.

Mafunzo kwa istilahi zetu

Kutokana na historia hii twapendekeza wafasiri wazingatie tofauti chache.

Kwanza, sera na masharti. Waingereza wana neno moja wanalolitumia kwa mwelekeo wa serikali, kwa hati ya bima na kwa kanuni za kampuni kuhusu wateja. Mazoea ya kuandika sera kila mahali yanapotosha. Sera ni nia, na mwenye nia aweza kuigeuza. Yaliyoandikwa katika tiketi, kwa mfano kwamba nahodha aweza kupita bandari fulani bila kutia nanga na kampuni isilipe kitu, ni masharti, na yafaa yaitwe hivyo ili msomaji ajue kwamba yanamfunga.

Pili, lalamiko na dai. Lalamiko hupelekwa kwa mhudumu. Dai hupelekwa kwa maandishi na lina muda wake. Mkataba wa Athens wa mwaka 1974 wataka abiria atoe taarifa ya maandishi ya madhara ya mizigo yasiyoonekana kwa macho katika siku 15, na wampa miaka miwili kufungua shauri. Mtu aliyelalamika kwa mdomo akadhani amedai aweza kupoteza vyote viwili.

Tatu, rejesho, fidia na hisani. Rejesho ni fedha ya abiria inayorudi. Fidia ni malipo ya madhara. Hisani ni punguzo la nauli ya safari ijayo, ambalo kampuni hulitoa ikipenda. Barua inayoziita zote tatu fidia humfanya mtu apokee hisani akiamini amepata haki yake.

Nne, tafsiri ya jina la safari yenyewe si mchezo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1177 ya mwaka 2010 hueleza safari ya kitalii kuwa ni huduma ya usafiri wa majini kwa ajili ya starehe tu, yenye malazi na huduma nyingine, na inayozidi kulala melini siku mbili. Abiria wa safari inayoingia katika maelezo hayo hawapati fidia ya kuchelewa ambayo kanuni hiyo huwapa abiria wa kivuko. Haki zao zimewekwa chini ya sheria ya safari za vifurushi. Maelezo ya neno moja yamehamisha haki kutoka sheria moja hadi nyingine.

Mabasi yetu yalikuwa yakiandikwa ndani: abiria chunga mzigo wako. Onyo hilo halikuwa la adabu nyingi, lakini lilikuwa la kweli, na lilimwita msafiri kwa jina lake. Kazi ya mfasiri ni kuuleta ukweli huo katika hati zenye adabu zaidi. Ahadi ni deni, ndivyo tusemavyo. Lakini mdai hawezi kulidai deni ambalo mfasiri amelitafsiri kuwa zawadi.