Walikifungua Kile Kimashine cha Pokémon, Wakakuta Pokémon Mwenyewe Hayumo

Leo hatuongelei msanii wala nani kamwacha nani. Chukua simu yako, fungua ile programu inayohesabu hatua, angalia lengo la siku. Wengi wenu imeandikwa 10,000, si ndiyo? Namba hiyo ilianza kusambaa kama jina la bidhaa. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani ilileta sokoni kimashine cha kuvaa kiunoni kinachoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Jina likanata, na leo liko mfukoni mwako.

Kwa hiyo Wajapani walikuwa wameshazoea kutembea na kihesabu hatua kiunoni miaka zaidi ya thelathini kabla Nintendo hawajakigeuza kuwa gemu. Waliokuwepo mwishoni mwa 1996 wanakumbuka Tamagotchi, kile kiyai cha kulisha mnyama wa kwenye skrini. Basi 1998 Nintendo wakatoa cha kwao, Pocket Pikachu. Humlishi kwa kubonyeza, unatembea. Hatua 20 zinakupa wati moja, wati unamzawadia Pikachu, Pikachu anakupenda. Ndani hakukuwa na maajabu, ni kauzito kadogo kananing'inia na kuyumba kila ukikanyaga, kanagusa swichi, hesabu inapanda. Ukikitikisa karibu na sikio unasikia kabisa tik, tik, tik.

Na watoto si wajinga. Kama kauzito kanayumba ukitembea, basi katayumba pia ukiwa umekaa kwenye kochi unakitikisa kwa mkono huku unaangalia katuni. Hapo ndipo vita vilipoanza, kati ya anayetengeneza na anayechezea.

Sasa tuingie kwenye chenyewe. Tarehe 12 Septemba 2009 Japani ilipata gemu mbili za Nintendo DS, Pokémon HeartGold na SoulSilver. Machi 2010 zikafika Marekani na Ulaya. Ukinunua gemu, ndani ya boksi unakuta kitu cha ziada: kiduara chekundu na cheupe kinachokaa kiganjani, kina kibanio cha kubana kwenye mkanda, skrini ndogo na vitufe vitatu. Kinaitwa Pokéwalker. Unachagua Pokémon mmoja kwenye gemu, unamhamishia humo, kwenye gemu haonekani tena. Unatoka naye. Shuleni, sokoni, kwenye basi. Anakusanya wati, hatua 20 kwa wati moja kama zamani. Wati 10 unatafuta Pokémon mwingine majanini, wati 3 unachimbua kitu kilichofichwa. Jioni unamrudisha.

Kwa mtoto wa miaka tisa hilo halikuwa gemu tena. Rafiki yako yuko kiunoni. Fikiria sasa suruali imeenda kufuliwa na kimashine kimo mfukoni. Ni msiba kabisa.

Lakini kuna watu duniani ambao wakipewa kitu chochote wanatafuta bisibisi kwanza. Ukikifungua Pokéwalker, cha kwanza kukutana nacho ni betri bapa ya duara, CR2032. Unaijua. Ni ile fundi kompyuta anayokubadilishia pale saa ya mashine yako inapoanza kurudi mwaka wa nyuma. Chini yake kuna ubao mmoja mdogo na chipu chache tu.

Ubongo ni chipu ya Renesas yenye kilobaiti 48 za programu na kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Rudia hapo: 2. Picha moja ya WhatsApp uliyotumiwa asubuhi ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi sana. Pembeni kuna chipu ya kuhifadhia, kilobaiti 64, hii haifutiki hata betri ikiisha. Skrini ni pikseli 96 kwa 64 na rangi nne tu, kutoka nyeupe hadi nyeusi. Kuna kipaza sauti cha kulialia, na jicho la infraredi, mwanga ule ule usioonekana wa rimoti ya TV. Jicho la upande wa pili limewekwa ndani ya kadi yenyewe ya gemu, ndiyo maana kadi hizo zilikuwa na plastiki nyeusi inayopitisha mwanga huo.

Kilichonifurahisha zaidi ni kihisi cha mwendo. Ni cha Bosch, milimita 3 kwa 3, unene haufiki milimita moja, kidogo kuliko punje ya mchele. Mimi niliishia fomu foo, na alama yangu ya fizikia tuiache ilipo, lakini hili nimelielewa. Ndani kuna kipande cha silikoni kimeshikiliwa na vispringi vidogo mno, kina meno kama kitana, na meno hayo yamepishana na mengine yasiyosogea. Ukisogea, kipande kinabaki nyuma kidogo, nafasi kati ya meno inabadilika, na umeme unaopimwa hapo unabadilika nao. Hufanya hivyo pande tatu: juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Yaani ni kale kauzito ka Pocket Pikachu, kamepunguzwa hadi huwezi kukaona kwa macho.

Na bado kalidanganywa. Watu walifunga Pokéwalker kwenye mkia wa mbwa, kwenye feni, kwenye gurudumu la baiskeli. Hapa lakini watengenezaji walikuwa wamejifunza. Hata utembee kutoka Mbagala hadi Bagamoyo na kurudi, Pokémon wako akirejea kwenye gemu anapanda ngazi moja tu. Moja! Ukitaka nyingine, mrudishe kwanza halafu umtoe tena. Hawakujaribu kumkamata mwizi, walipunguza cha kuiba. Mimi naona hiyo ni akili kubwa kuliko kihisi chenyewe.

Swali la muhimu lilibaki bila jibu miaka kadhaa: ndani ya hizo kilobaiti 64, Pokémon anakaa wapi? Kufungua kasha hakukuonyeshi, chipu kwa macho ni jiwe jeusi tu. Ilipofika karibu 2020, jamaa mmoja Marekani akaingia kwa njia ya lile jicho la infraredi. Alikuta mazungumzo kati ya gemu na kimashine yamefichwa kwa namna ya kuchekesha: kila baiti inachanganywa na namba moja tu, 170, ile ile siku zote. Hiyo ni sawa na kufunga mlango kwa kamba ya kiatu. Akaendelea kuchokoa hadi akapata upenyo wa kukifanya kimashine kimwage programu yake yote nje. Kisha akatengeneza programu ya kukiiga kwenye zile kompyuta za mkononi za zamani za Palm, kwa sababu nazo zina infraredi.

Na huyo Pokémon? Hayumo. Hakuwahi kuwemo. Kinachosafiri ni muhtasari wa baiti 16: ni aina gani, ngazi ya ngapi, ameshika nini, anajua mapigo gani manne, na alama chache. Pamoja na hizo zinakuja picha zake ndogo, maana kimashine hakikuwa na nafasi ya kubeba picha za Pokémon wote 493. Hata majina yanatumwa kama picha, siyo kama maandishi. Pokémon halisi, mwenye takwimu zake zote, alikuwa amebaki kwenye kadi ya gemu muda wote, gemu limemficha tu usimwone. Ndiyo maana ndani ya gemu uliwekwa mchanganyiko wa vitufe wa kumrudisha kama kimashine kimepotea. Yule mtoto wa suruali iliyofuliwa alikuwa analia bure, ila hakuna aliyemwambia.

Kuna waliosoma hayo wakajisikia wametapeliwa. Mimi sikuona hivyo. Angalia kilichokuwa kinaandikwa kwenye ile kumbukumbu isiyofutika: jumla ya hatua zako tangu siku ya kwanza, na hatua za siku saba zilizopita, siku kwa siku. Ukimrudisha Pokémon kwa vile vitufe vya dharura unampata yeye, lakini hatua zilizokuwa kwenye kimashine zimeenda nacho. Kwa hiyo aliyekuwa humo ndani ni wewe.

2016 ikaja Pokémon GO, na Septemba mwaka huo kikaja kifaa chake cha kuvaa mkononi, Pokémon GO Plus, kama dola 35. Betri ni ile ile CR2032, ila skrini hakina. Kina kitufe, taa, mtetemo na chipu ya bluetooth. Mchezo wa namba 170 ukaisha, kila kifaa kikapewa ufunguo wake wa siri unaokaguliwa na simu. Watu wakakifungua hata hivyo. Wengi hawakuwa wanatafuta siri yoyote, walitaka tu kung'oa kimota cha mtetemo kisiwaumbue kikaoni.

Kama una Pokéwalker ya zamani kabatini, au una ndugu ughaibuni mwenye nayo, toa hiyo betri leo. CR2032 iliyokaa miaka mingi inaweza kuvuja, na kemikali yake inakula ubao. Ile chipu ya kilobaiti 64 haihitaji umeme kukumbuka, hatua zako zitakuwepo ukija kuweka betri mpya.