Kutoka Mzimu hadi Babu: Mzuka na Imani kwa Msomaji katika Riwaya ya Kiswahili, 1960–2001

Riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilichapishwa mwaka 1960, baada ya kushinda shindano la uandishi wa hadithi la East African Literature Bureau la mwaka 1957–58. Tangu wakati huo wanahistoria wa fasihi wameizoea kama chimbuko la riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Sifa hiyo ni ya haki, lakini imeziba jambo jingine. Kabla ya kuwa fumbo la mauaji, kitabu hiki ni kisa cha kutisha, na starehe ya kukisoma inatokana kwa kiasi kikubwa na jinsi mwandishi anavyomwachia msomaji kazi ya kuamua aogope nini.

Mtego wa kwanza umo katika jina la riwaya. Kwa wasomaji wengi wa leo, mzimu ni roho ya mfu inayorudi kuwasumbua walio hai. Kwa Mwunguja wa miaka ya 1950, mzimu ulikuwa vilevile mahali: pango, mti mkubwa au gofu ambako watu huweka nadhiri, hufukiza ubani na kuacha sadaka. Abdulla, aliyezaliwa mwaka 1918 huko Makunduchi, mji wa Mwaka Kogwa, hakuwa na haja ya kuwafafanulia wasomaji wake maana hizo mbili. Alichofanya ni kuilaza maiti ya Bwana Ali mahali ambapo maana hizo zinakutana. Kati ya kusema kwamba mtu ameuawa kwenye mzimu na kusema kwamba ameuawa na mzimu pana tofauti ya neno moja dogo, na hofu yote ya riwaya inaishi katika tofauti hiyo.

Sarufi nayo inashiriki. Kiswahili huyapa majina ya viumbe hai upatanisho wa A-WA hata pale umbo la jina linapoelekea ngeli nyingine: kijana anakuja, kifaru ameanguka, kipofu amesikia. Mzimu haukubali kanuni hiyo. Husemwa kwamba mzimu umekasirika, mizimu imedai sadaka. Jini amempanda mtu bila shida ya kisarufi. Pepo hutangatanga kati ya amempanda na limempanda. Lakini mzimu, wenye hasira, njaa na kumbukumbu, unabeba kiambishi kilekile cha mti na mto. Anayeutaja haulizwi kama anauamini au hauamini. Lugha imekwisha kuuweka mahali pake, kati ya mtu na kitu, na mwandishi anayeandika kwa lugha hiyo amerithi utata ambao wenzake wa lugha nyingine huutafuta kwa jasho.

Ukweli kwamba Abdulla alijua thamani ya urithi huo unaonekana katika riwaya yake ya pili, Kisima cha Giningi (1968), ambayo jina lake tena linaazima mahali pa kutisha: Giningi, makao ya wachawi katika masimulizi ya Wazanzibari. Mara mbili mfululizo msomaji anaitwa kwa hofu anayoijua tangu utotoni, kisha anakabidhiwa kwa Bwana Msa, mtu wa kiko na hoja.

Uhakiki wa miaka ya 1970 haukuvutiwa na mbinu hiyo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, sehemu kubwa ya uhakiki nchini Tanzania ilipima kazi za fasihi kwa mchango wake katika ujenzi wa jamii mpya, na riwaya za upelelezi zikasukumwa katika kapu la fasihi pendwa, yaani burudani ya kupitisha wakati. Hukumu hiyo ina nusu ya ukweli. Mkopo kutoka kwa Conan Doyle uko wazi: Najum ana kazi ya Watson, na Inspekta Seif ana kazi ya polisi anayetangulia kukosea. Tena sura ambazo Bwana Msa anafafanua kila uzi wa kisa ndizo dhaifu zaidi, kwa sababu pale mwandishi anarudi kumshika msomaji mkono. Lakini hadi kufikia hapo amemwacha atembee peke yake kwa muda mrefu, akiwa na dalili zote alizonazo mpelelezi. Anayesoma kwa makini anaweza kufika kabla ya Bwana Msa. Mwandishi anayewadharau wasomaji wake hajiweki katika hatari hiyo. Zaidi ya hapo, utatuzi unahusu kifo kimoja tu. Kwamba Bwana Ali ameuawa na mkono wa binadamu kunamwondolea mzimu lawama, lakini hakuufuti. Msomaji wa mwaka 1960 aliyekuwa akipita mbali na pango fulani jioni aliweza kufunga kitabu na kuendelea kupita mbali.

Miaka thelathini baadaye mkataba huo ulibadilika. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), Euphrase Kezilahabi aliwaondoa wapelelezi wote na kuwaacha wasomaji katika ulimwengu ambamo mpaka wa uhai na mauti haulindwi. Hizo si riwaya za mzuka kwa maana ya kawaida, kwani hofu ndani yake ni ya kifalsafa, lakini zilimzoesha msomaji kukaa na kisichoelezwa. Mzuka wenyewe ulirudi mwaka 2001, katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ambaye kama mhakiki, kwa jina la Said A. M. Khamis, ameandika kwa kirefu juu ya riwaya hiyo mpya.

Kisa ni chepesi kusimulika. K, mkubwa mwenye cheo na starehe, anatokewa na babu yake aliyekwisha kufa, naye anamchukua kwenda kuyaona aliyoamua kutoyaona. Jina la mhusika ni herufi moja tu. Msomaji wa Kafka atatabasamu, na asiyemjua Kafka hatapungukiwa na chochote. Nadharia ya Todorov (1970), inayoijenga fantasia juu ya kusita kwa msomaji kati ya maelezo ya kiakili na ya kimiujiza, haina kazi kubwa hapa. Katika The Turn of the Screw ya Henry James (1898) msomaji husita kama mizuka ipo au ni ndoto za yaya. Katika riwaya ya Mohamed suala hilo limekwisha kwenye jalada. Kiambishi -po- cha alipofufuka hakidai kwamba Babu amefufuka. Kinalichukua jambo hilo kama linalojulikana na wote, kisha sentensi inakatika bila kishazi kikuu. Babu alipofufuka, ikawaje? Kishazi hicho kinaachwa kwa msomaji, na kurasa zinazofuata hazimwandikii.

Uteuzi wa neno babu una uzito kuliko unavyodhaniwa. Mohamed angeweza kuandika mzimu, mzuka, kivuli au kizuka, na kila neno lingempa mgeni wake upatanisho na umbali wake. Babu hana njia ila kuchukua a-, kama mtu yeyote aliyeketi barazani. Analeta pia adabu na utani wake. Katika jamii za Waswahili babu na mjukuu ni watani. Babu anaweza kumwambia mjukuu yale ambayo baba, mke au waziri hawezi kumwambia, na mjukuu hana ruhusa ya kukasirika. Maneno makali yanamfikia K kupitia mlango ambao utamaduni wenyewe umeuacha wazi. Mohamed halielezi hili, na msomaji aliyekulia katika utani huo hahitaji kuelezwa.

Hapo ndipo mazoea ya kufundisha fasihi yanapoiumiza riwaya ya namna hii. Jedwali la mwongozo lenye safu ya mhusika na safu ya uwakilishi litaandika kwamba Babu anawakilisha dhamiri, au historia, au mila, na mwanafunzi atalikariri. Huenda yote matatu ni kweli. Lakini ishara haiamkiwi shikamoo, wala haina utani na mtu, na mzuka uliokwisha kutafsiriwa hauwezi tena kumtisha wala kumchekesha anayeusoma. Swali la kwa nini aliyefufuka ni babu na si baba, yaani kwa nini kizazi kilichoshika madaraka ya uhuru kinarukwa, ambalo mwanafunzi aliyelelewa na babu yake angeweza kulijadili kipindi kizima, halina safu katika jedwali hilo.